Mlango wa Chumba cha Mama Chebet

Siku moja kabla mambo hayajaharibika, kaka yangu Njoroge alikuwa juu ya ngazi akiweka kioo kwenye dirisha la chumba cha mama mkwe wake, na alikuwa akiifanya kazi hiyo huku ameangalia pembeni. Mtu mwingine angeingia ndani akaimaliza mara moja. Njoroge alikataa katakata kukanyaga chumba hicho, akaona afadhali azunguke nje ahangaike na ngazi inayoyumba.

"Kwani kitanda si unakiona hata ukiwa huko nje?" mkewe Chebet alimwuliza. Yeye ndiye aliyeshikilia ngazi.

"Mimi sioni kitu," Njoroge alisema. "Nipe hiyo pati ya kubandikia kioo."

Nilicheka mpaka gundi ikanimwagikia mapajani. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za veranda nikitengeneza kabati la vyombo lenye ukubwa wa viberiti viwili. Ndiyo kazi yangu mpaka leo: fanicha ndogo za nyumba za wanasesere, na nyumba zenyewe. Mbao natoa kwenye kreti za nyanya, vishikio vya droo ni vichwa vya pini, sahani ni vifuniko vya soda nilivyovigonga vikalala. Kila kitu nakifanya kionekane cha zamani. Mbao naipaka rangi ya viatu halafu naisugua kwa msasa kwenye pembe, pale ambapo mikono ya watu ingepita. Mapazia nayachemsha kwenye chai ya strungi, isiyo na maziwa, mpaka yapauke.

Watu huniuliza nilijifunzia wapi vitu vya kizungu. Nililelewa ndani yake. Nyumba yetu ilikuwa ya mkulima mzungu, kwenye shamba lililo juu ya Salgaa, na alipoondoka shamba likagawiwa walionunua hisa. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, kwa hivyo wazee wawili waliigawana. Baba yangu alichukua upande wa jikoni na chumba cha kulia. Baba yake Chebet alichukua sebule yenye mahali pa kuotea moto, pamoja na vyumba vya kulala. Katikati waliweka ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba tulikuwa tukiombeana chumvi bila mtu kuinuka.

Sisi ni wa kabila moja na wao ni wa jingine. Majina yameshakueleza, sitayasema zaidi.

Wazee wote wawili walifariki kabla ya haya ninayoyasimulia. Tulibaki mimi na mama yangu upande wetu, na Mama Chebet upande wake. Njoroge na Chebet walikuwa wamejijengea nyumba ndogo chini kwenye shamba. Njoroge alikuwa amekulia mikononi mwa Mama Chebet. Alipougua surua akiwa mtoto, alilala kwenye kitanda cha mama huyo wiki nzima. Lakini siku aliyomwoa Chebet, mambo yakabadilika. Mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe wake. Kwetu ni hivyo, na kwao ni hivyo. Vijana wengi siku hizi hawajali, lakini Njoroge alijali, na mimi nilikuwa namtania kwamba hata akimwona Mama Chebet ameanika shuka anapita njia nyingine.

Matokeo ya kura yalikuwa yametangazwa. Redioni walikuwa wanabishana. Tuliizima tukala.

Kesho yake tuliona moshi upande wa bonde, kwanza mahali pamoja, halafu mahali pengi. Kufikia mchana, watu walikuwa wakipita barabarani na magodoro vichwani. Mama alisema tungoje, kwamba sisi hatujagombana na mtu. Nilimkasirikia mama kwa neno hilo miaka mingi, halafu nikaacha, kwa sababu lilikuwa kweli.

Njoroge na Chebet walikuja mbio kutoka chini. Nyumba yao ilikuwa inawaka.

Barabara ilikuwa imefungwa kwa magogo. Hatukuwa na pa kwenda.

Ndipo nikasikia mbao zinang'olewa. Mama Chebet alikuwa anabomoa ukuta kwa jembe. Aling'oa mbao mbili, akaingiza kichwa.

"Piteni huku. Haraka."

Tulipita. Chebet alirudishia mbao nyuma yetu, akasimamisha gunia la mahindi mbele yake. Mama Chebet alitupeleka moja kwa moja chumbani kwake. Kitanda kilikuwa kile kile cha mzungu, cha chuma, kirefu kwenda juu, na chini yake kulikuwa na nafasi. Mama aliingia kwanza. Mimi nikafuata.

Njoroge alisimama mlangoni.

Kutoka pale chini niliona viatu vyake. Vilikuwa vimefika kwenye kizingiti, na hapo vikaishia.

"Ingia," Mama Chebet alisema.

"Mama, nitakaa huku sebuleni."

"Njoroge, leo mimi si mkwe wako. Ingia mwanangu."

"Siwezi, Mama."

Chebet alimsukuma mgongoni. Alikuwa na mimba ya miezi mingi na alikuwa akilia bila sauti. Kiatu kimoja cha Njoroge kilivuka kizingiti. Halafu kikarudi.

Mama yangu alinishika mdomo, na mimi nilikuwa naomba tu moyoni, aki Mungu, mwambie aingie.

Filimbi za waliokuwa wakichoma nyumba zilikuwa zimefika uani.

Njoroge alikimbilia sebuleni. Mahali pa kuotea moto hapakuwa pamewashwa tangu mzungu aondoke. Palikuwa pamejaa magunia. Alijibana nyuma yake.

Mama Chebet aliketi kitandani, springi zikanigusa kichwa. Kisha nikaona nguo zikianguka sakafuni, moja baada ya nyingine. Sweta. Gauni. Shumizi.

Walipoingia, wa kwanza alisukuma mlango wa chumba na kusimama.

"Karibuni," Mama Chebet aliwaambia kwa lugha yao, ambayo mimi naijua tangu utotoni. "Nani kati yenu anataka kuona alikotoka? Aingie."

Hakuna aliyeingia. Mama wa umri ule akivua nguo makusudi mbele ya mtu, na mtu huyo akamtazama, laana hiyo inamfuata mpaka kwa watoto wake. Walijua. Mmoja alimwita mama, akamwomba msamaha. Mlango ulifungwa taratibu, kama mlango wa kanisani.

Halafu wakaanza kuvuta magunia sebuleni.

Sitaandika nilichosikia. Kilikuwa kifupi. Chebet aliwaambia huyo ni mume wake, akalirudia jina lake, akataja na jina la baba yake mwenyewe ili wakumbuke yeye ni binti wa nani. Walimtoa Njoroge uani, chini ya miti ya saipras.

Nyumba haikuchomwa, kwa kuwa nusu yake ilikuwa ya mtu wao. Giza lilipoingia, Mama Chebet alitutoa mimi na mama kupitia shamba la mahindi mpaka kwa dereva wa lori pale Salgaa, mtu wa mbali asiyemjua yeyote kati yetu, akatufunika kwa turubai na kutufikisha Nakuru. Mama Chebet alirudi nyumbani. Ndiye aliyemwosha Njoroge, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Alimshika kila mahali, akamvisha suruali ya marehemu mume wake. Chebet ndiye aliyenisimulia, na aliponisimulia nililia kuliko siku yenyewe.

Tulimzika kwenye makaburi ya mjini, mbali na shamba. Watu walikuwa wachache.

Chebet alijifungua msichana, akabaki kwao. Alimlea vizuri, na hakuolewa tena. Mama yangu alikaa Rhonda, mtaa wa hapa Nakuru, katika chumba kimoja na mimi mpaka alipofariki, na mpaka mwisho alikuwa akiamka anauliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Sikuwahi kurudi kule juu. Wengi walirudi, na siwalaumu, lakini mimi miguu ilikataa.

Kazi niliendelea nayo. Rhonda haikosi taka nzuri: plaiwudi za mafundi, vitambaa vya washonaji, nyaya, makopo. Nilitengeneza nyumba nyingi za zamani na kuziuza. Wateja huuliza mbona hazina watu ndani. Huwa nawaambia watu sitengenezi, wawatafute kwingine, na nadhani huniona mkali.

Mwaka huu ndio nilitengeneza nyumba yetu. Sikuwa nimekusudia. Nilianza na mahali pa kuotea moto, mawe yakiwa ni vipande vya trei ya mayai, na nilipomaliza mkono ulikuwa unajua kinachofuata. Ukuta wa mbao niliutengeneza kwa njiti za kiberiti.

Ilikuwa mezani Mama Chebet alipokuja mjini kutibiwa macho. Alifikia kwangu, kama anavyofanya kila akija. Sasa haoni ila mwanga na kivuli. Alisikia ninasugua kwa msasa, akauliza ni nini hiki. Nilimwambia. Akavuta kiti.

Nyumba ya wanasesere haina ukuta wa mbele, kwa hivyo aliingiza mikono. Alipapasa sebule, akapita haraka. Aliugusa ukuta wa njiti, akasema, "Huu uliutengeneza imara kuliko wa wazee." Tulicheka kidogo. Kisha akafika chumbani. Aligusa kitanda nilichokisuka kwa waya, akapitisha kidole chini yake.

"Palitosha mtu wa tatu," alisema.

"Palitosha."

"Umeweka mlango?"

"Nimeweka, Mama. Una bawaba."

Aliutafuta kwa ukucha, akaufungua. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Ningetoka," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mle ndani namwita. Mtoto wa watu angeingiaje na mimi niko hapo? Ningetoka nje, kingekuwa chumba tu. Angeingia."

Nilimshika bega. Nilitaka kumwambia si kosa lake, lakini amekwisha kuambiwa hivyo na watu wengi. Nikamwambia lililo kweli.

"Mama, ungetoka, wale wangeingia. Wangetupata sote watatu."

"Najua." Kidole chake kilikuwa bado mlangoni. "Nawapanga kila siku, Nyambura. Nakuweka wewe, naweka mama yako, naweka Njoroge, najiweka na mimi. Kila nikiwapanga, kuna mmoja anabaki nje."