Libanga la Shefu wa Kartie

Mdogo wangu wa kike alitunga wimbo kuhusu robine, bomba la maji la mtaa wetu. Robine ile ina kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Yeye huifungua anapotaka, kwa anaowataka. Sisi wengine tunashuka ziwani na bidoni, madumu matupu, kisha tunapanda nazo kilima huku tukijiuliza ni nani aliyeamua mji ujengwe wima. Kiitikio cha wimbo kilikuwa swali moja tu: “Nani alifunga robine?” Halafu gitaa linalia peke yake kidogo, na swali linarudi.

Alitaka kuuimba kwenye tamasha la vijana, katika ukumbi wa parokia. Ingekuwa mara yake ya kwanza jukwaani. Padri alikubali, lakini akasema ruhusa ya shefu ni lazima. Shefu naye akajibu kwamba hatoi ruhusa kwa wimbo ambao hajausikia.

Nilifurahi mno. Nimesoma sheria kwa miaka mingi kuliko inavyohitajika, kwa sababu ya migomo ya maprofesa, na sasa nilikuwa nimepata mtu wa kumsomea katiba. Nikakariri kifungu cha uhuru wa kujieleza. Nikavaa sweta mbili, maana nilisikia kasho, selo ya polisi, ina baridi. Mama akanitazama.

“Wewe njo utaimba?”

“Hapana, mama.”

“Basi unyamaze.”

Shefu alitupokea sebuleni kwake. Mdogo wangu akaanza kupiga gitaa na kuimba, nami nikainuka nusu, tayari kwa katiba. Shefu akafumba macho. Mabega yake yakaanza kucheza. Nikakaa.

“Iko wimbo ya nguvu,” alisema ulipoisha. “Lakini iko na kosa moja kubwa.”

Nikasimama wima. “Papa shefu, katiba ya inchi yetu inasema...”

“Kaa, mutoto. Kosa ni hii: jina yangu iko wapi?”

Kwa msomaji asiyetoka Kongo, nieleze. Kwetu mwanamuziki hutupia majina ya wakubwa katikati ya wimbo, na jina likishatupwa tunaliita libanga. Ukipata libanga, umekuwa mtu. Wanunuzi wa dhahabu wanatajwa katika nyimbo za mapenzi zisizowahusu hata kidogo. Shefu wetu hakuwahi kutajwa popote, na kumbe jambo hilo lilikuwa linamuuma.

“Tuiweke wapi, papa?” mdogo wangu akauliza.

“Pale gitaa inabaki yenyewe. Si kuko nafasi?”

Mdogo wangu alitazama sakafu kwa heshima ambayo nyumbani hatujawahi kuiona.

“Mara ngapi, papa?”

“Kila mara! Na kwa sauti!”

“Na yale maneno mengine?” nikauliza, kwani sikuamini masikio yangu.

“Maneno ni kazi ya baimbaji. Mimi sichungi midomo ya batu.”

Tukiwa njiani nilimuuliza mdogo wangu inawezekanaje mtu asijisikie ndani ya wimbo kama ule.

“Yaya,” akanijibu, maana kwetu ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa wake, “mu kichwa yake, yeye njo ule anafungulaka robine.”

Siku ya tamasha shefu alikaa safu ya mbele, amevaa suti. “Nani alifunga robine?” mdogo wangu akaimba, kisha akalitupa jina, pamoja na cheo. Shefu akasimama, akapunga kitambaa cheupe. Watu wakacheka, naye akainama kuwashukuru. Mara ya pili ukumbi mzima ulilitaja jina pamoja na mdogo wangu, na shefu akapunga mikono yote miwili. Mara ya tatu mke wake alimvuta koti. Akakaa, na hakusimama tena.

Siku mbili baadaye polisi mmoja alituletea uamuzi. Wimbo haujakatazwa, kwa kuwa shefu ni mpenda uhuru. Ila jina lake lisisikike tena kinywani mwa mwimbaji. Nilisema huo ni udhibiti, nilisema tukatae, nilikuwa naelekea kwenye kile kifungu.

“Yaya, tutaitika,” mdogo wangu akasema.

Jumapili iliyofuata aliimba kwenye uwanja wa parokia baada ya misa. Polisi yuleyule alisimama karibu na spika, macho yake kwenye mdomo wa mdogo wangu. “Nani alifunga robine?” Mdogo wangu akafunga kinywa, akaacha gitaa lilie. Uwanja mzima ukajibu kwa jina la shefu, na akina mama wa kwaya wakajibu kwa sauti nne.

Wimbo ulipoisha polisi alitusogelea.

“Wewe haukutaja,” akamwambia. “Njo rapport yangu kwa shefu itasema ivyo.”

“Na hawa wengine wote?” nikauliza. Kunyamaza bado kunanishinda.

Alinitazama kama mtu anayetazama kazi asiyolipiwa.

“Batu habakuleta wimbo kwa shefu. Mimi nilitumwa kwa mudomo moja.”

Kisha akageuka nyuma kuona kama kuna anayemsikia, akamwomba mdogo wangu arudie kiitikio, polepole, kwa sababu sehemu ya pili ilikuwa imempita. Mdogo wangu akarudia. Ilipofika zamu ya gitaa, polisi akavua kofia, akajibu pamoja na waliokuwa karibu.