Vyungu Vinane vya Bi Mwanne

Ukimuuliza mtu wa mtaa ule wa Ipagala nyumba ya Bi Mwanne ilipo, hatakutajia rangi ya geti. Atakuambia tembea tu mpaka uone kijani. Mwezi wa tisa Dodoma kila kitu kimeshika rangi ya vumbi na mbuzi wanatafuna maboksi, lakini nyuma ya nyumba ya mama huyu mchicha umenona, figiri imechanua majani, na nyanya zimejaa mpaka miti ya kuziegemeza inalalamika.

Mwenyewe ni Mrangi wa Kondoa, mjane, na kwa miaka thelathini alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Alipostaafu, mapenzi yote aliyokuwa akiwagawia watoto mia sita aliyamwaga kwenye matuta manne. Matuta nayo yakamdekea. Alfajiri yanataka keni ya maji, jioni yanataka tena, na mwenye kudekeza hana likizo. Miaka miwili iliyopita mdogo wake, Hashimu, alimwoza kijana wake kule Kondoa, na Bi Mwanne hakwenda. Alibaki kulinda nyanya. Ukoo mzima ulimsema, na haki walikuwa nayo.

Sasa Hashimu alipiga simu tena.

"Shikamoo, dada. Sabrina anaolewa."

"Marahaba! Alhamdulillahi!"

"Ngoja kwanza. Safari hii sitaki kusikia habari za mchicha. Kwetu shangazi ndiye anayemshika binti mkono akamtoa ndani. Sabrina kaapa, wewe usipokuja, hatoki."

Bi Mwanne alikata simu akapiga kigelegele peke yake jikoni. Kigelegele kilipoisha akachungulia dirishani, akayaona matuta yake. Siku saba za arusi, na yeye hayupo! Jirani yake Evelina, Mgogo wa Mlali, aliuza dagaa soko la Majengo. Alitoka kabla ya jua na kurudi hoi. Angeweza kupita mara moja katikati ya juma, lakini asubuhi na jioni kila siku, hapana. Kwa hiyo ilibidi ipatikane njia ya kumwagilia ambayo haimhitaji mtu, la sivyo aagane na bustani au aagane na arusi.

Alianza na mipira ya matone. Muuza duka alimsifia mipira hiyo kama anayemtafutia mkwe. Wiki ya kwanza ilidondosha vizuri, tap, tap, tap, na Bi Mwanne akaketi kwenye kigoda kuitazama kama watu wanavyotazama tamthilia. Wiki ya pili maji yetu haya ya chumvi yakaganda kwenye vitundu, vyeupe pe! Akawa anakwenda na sindano, tundu baada ya tundu, na hiyo kazi ilimchosha kuliko keni. Akahamia chupa za plastiki. Kwenye sherehe moja ya mtaani aliinama chini ya meza na kuokota chupa arobaini, mama mzima na gauni lake la kitenge, akazitoboa na kuzipandikiza kichwa chini. Kabla ya adhuhuri zote zilikuwa tupu.

Evelina, aliyezoea kumwita kwa jina la bintiye Naima, alimkuta amezikalia kwa hasira.

"Mama Naima, kwani vyungu vimekwisha duniani? Bibi yangu Mlali alifukia chungu katikati ya mboga zake. Unakijaza maji, unakifunika, unakwenda zako. Udongo ukikauka chungu kinautolea jasho. Ukilowa, kinatulia. Siku nne, tano, huna habari."

"Na hukuniambia muda wote huu!"

"Uliniuliza? Ulikuwa na mipira yako ya kisasa."

Mama mdogo wa Evelina ni mfinyanzi. Baada ya wiki moja vyungu vinane viliteremka na basi kutoka Mlali, vimefungwa kwa nyasi, Evelina mwenyewe akiwa sokoni. Bi Mwanne alivipokea, akavigonga kimoja kimoja, vikaitika vizuri. Na hapo ndipo upishi wa miaka thelathini ulipomponza. Mwanamke aliyefundwa hatumii chungu kibichi. Chungu kipya hupikiwa kwanza uji mzito, uchemke mpaka ushike, unywewe na ule udongo, kisha kinapakwa mafuta. Basi alikoka mafiga, akavipikia vyote vinane uji wa mtama, kutwa nzima, huku akiimba. Unga ulipoisha akamalizia cha mwisho kwa mlenda. Akavifukia shingo zikiwa nje, akavijaza maji, akavifunika, akajipongeza kwa chai ya tangawizi.

Siku ya kwanza alifunua: vimejaa. Siku ya pili: vimejaa. Siku ya tatu vimejaa vile vile, na Bi Mwanne akacheza palepale kati ya matuta, mikono juu, kisha akapiga simu Kondoa.

"Hashimu! Nakuja! Nina vyungu havili maji! Siku tatu havijapungua hata kikombe! Hawa Wagogo wametuficha mambo!"

Nyanya zilikuwa zimeanza kulegea shingo, naam, lakini aliyefurahi ana dawa ya kila dalili. Alisema ni jua.

Jumamosi Evelina akapita, akaugusa udongo, mkavu kama unga. Akafunua chungu, akakifunika. Akafunua kingine.

"Mama Naima, vyungu umevifanyaje?"

"Nimevipikia uji, nikavipaka mafuta. Mimi si mtu wa kubahatisha."

Evelina aliketi chini. Alicheka mpaka kanga ikamtoka kichwani, akacheka bila sauti, akapigapiga ardhi. "Umeviziba! Mama wee, umeviziba! Jasho litatokea wapi?"

Bi Mwanne alichungulia ndani ya chungu. Kisha kicheko kikamshika na yeye, akashikilia ukuta, machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko yakageuka machozi ya kweli.

"Evelina, Jumanne napanda basi au sipandi."

"Unapanda. Uji ni kitu cha kuungua, tutauunguza. Chimbua."

Walichimbua. Jumapili vyungu vilianikwa juani kutwa nzima, maana chungu kilicholowa maji motoni hupasuka. Jumatatu Evelina hakwenda sokoni. Walivipanga uani, wakavifunika kwa samadi kavu na kuni, wakawasha. Moshi ulienda nyumba sita. Watu walikuja kuuliza kinaungua nini, wakaambiwa ni uji, wakaondoka wakitazamana. Kimoja kilipasuka paa! na wale wanawake wawili wakakimbia wakigongana, wakarudi wakichekana. Saba vilitoka vizima. Jioni vikawa ardhini, na Bi Mwanne, uso mweusi kwa masizi, akavijaza.

Jumanne alfajiri, mkoba begani, aliinama na kutia kidole kwenye udongo. Ulikuwa na unyevu. Akatia kidole cha pili, cha tatu, chungu cha pili, cha saba. Kote unyevu! Akamgongea Evelina dirisha ili tu amwonyeshe vidole vyenye tope, akakimbilia stendi bila kunawa.

Alhamisi Kondoa nyumba ilikuwa imejaa wanawake. Bi Mwanne alikuwa amemshika Sabrina miguu, anamsimamia mpaka hina ikauke, anaongoza nyimbo mpaka sauti imekwaruza, na binti anacheka hata hina inaharibika. Simu ikaita.

"Mama Naima, leo nimepita kujaza. Mbona hupigi simu?"

"Nikupigie nina shida gani? Kuna nini huko?"

"Bustani, mama! Nyanya zako zimesimama wima, na wewe huziulizi!"

Bi Mwanne akahesabu kwa vidole vyenye hina. Siku tatu nzima hakuwa ameikumbuka bustani hata mara moja. Furaha ikampanda, akaigeuza simu kuwaelekea wanawake ili Evelina asikie mwenyewe, nao wakapiga kigelegele.