Mbwa wa Kuazima

Kila nikikutana na harufu ya mbwa aliyelowa mvua, namkumbuka mpiga picha aliyefika shambani kwetu Molo siku ya manyunyu na kamera kubwa kama mzinga wa nyuki. Alitaka kutupiga picha nyeusi na nyeupe, kila mtu na mbwa wake, bure.

"Bure?" nyanya akamnong'onezea jirani yetu. "Huyu ametumwa na wenye kondoo."

Wiki hiyo kondoo wa watu walikuwa wameraruliwa usiku, na mbwa atakayeshukiwa angelishwa sumu. Wetu alikuwa mpole hata kuku walimnyang'anya ugali, lakini nani angemtetea? Basi kijiji kizima kikabadilishana mbwa, ili picha isionyeshe nani ni mwenye mbwa yupi. Nyanya akamkumbatia mbwa wa jirani, mwenye viroboto milioni moja. Jirani akamshika wetu.

"Tabasamu, mathe," mpiga picha akamwambia nyanya.

"Nikuonyeshe meno ya nini? Mimi sili kondoo."

Akampiga picha, kisha akamgeukia jirani. Akainama nyuma ya kamera, akainuka polepole.

"Mzee, mbona mbwa wako haniangalii? Macho yote kwa mathe."

Jirani akakohoa. "Anampenda. Hata mimi nampenda."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakaacha kula. Nyanya hakucheka. Aliangalia milimani kama mtu asiyemjua kabisa yule mbwa.

Mpiga picha akainama tena, akabonyeza. Kwenye ile picha mbwa wetu anaonekana vizuri, masikio yote mawili. Mkia tu ndio ukungu mtupu, kwa jinsi alivyoutikisa.