Tipoko Ndani ya Koti la Noraogo

Msinicheke, lakini mjini kwetu hakuna ngoma inayopigwa mara moja. Noraogo, mtengeneza filamu, alipokuja kupiga picha hapa alipozaliwa, kutwa alikuwa akibweka "Kata!" na watu wanaanza upya, mara sita, mara tisa. Filamu ikaisha, ugonjwa ukabaki. Wapiga ngoma hukatiza wimbo katikati ili waurudie. Msifu wa chifu hutangaza, "Mara ya nne," hata kama ndiyo kwanza anafungua mdomo. Juzijuzi bibi harusi alitolewa ndani mara tatu. Ya tatu, bwana harusi alikuwa keshakwenda kula.

Sasa Tipoko, muuza bajia za kunde, ni mke wa mdogo wake Noraogo. Mimi naye tumeolewa ukoo mmoja, kwa hiyo simsingizii. Kwenye filamu ile alipewa kupita na ndoo kichwani, ageuke, atazame. Basi. Alipita mara kumi na moja, akalitangazia soko zima. Siku ya kuonyeshwa, shuka jeupe limetundikwa kwenye ukuta wa shule, tulimsubiri mpaka mwisho. Ndoo haipo, Tipoko hayupo. Kakatwa.

Miaka ishirini watu wananunua bajia zake wakimwita Nyota wa Gizani. Utani aliuzoea. Alichotaka ni shemeji yake aseme neno moja tu, kwamba hakuharibu. Noraogo kila akija alikula bajia, akasifu chumvi, akaenda zake. Kisha akafa. Mwanamume mzima na neno moja limemshinda! Nilikasirika kuliko mwenyewe.

Kwetu, siku ya matanga, mke mmoja wa ukoo huwa kurita: anavaa nguo za marehemu, anatembea na kusema kama yeye, na atakalosema limesemwa na marehemu. Safari hii tukamchagua Tipoko.

Akatoka na koti la mifuko mingi, kofia imeshuka, jicho moja kalifumba vilevile kama Noraogo. Waombolezaji wakaanza kulia.

"Kata!" akabweka. "Kilio gani hicho? Mnalilia mbuzi? Rudini ndani."

Wakarudi. Walilia mara tano, na ya tano hata muuza kuku aliyekuwa akipita njia alilia.

Ndipo akakaa kitini. Akasema taratibu, kwa sauti ya Noraogo, "Yule mwanamke wa ndoo alipita vizuri. Mimi ndiye niliyekosea."

Hakuna aliyecheka. Nani abishane na marehemu? Mzee Tibo, kaka yao mkubwa, akakohoa, akajibu inavyotakiwa, "Tumekusikia, Noraogo."

Tipoko akaangua kilio ndani ya koti lile. Na kwa kuwa kwa desturi anayelia pale ni Noraogo, tukamzunguka tukimpigapiga mgongoni. Mimi ndiye niliyemwinamia sikioni.

"Nyamaza, shemeji," nikamwambia. "Tipoko keshakusamehe."