Mawe Meupe ya Mwenye Nyumba ya Wageni

Kila asubuhi mwenye nyumba ya wageni hushuka ufukweni mikono nyuma, tumbo mbele, kama anayekagua gwaride. Jirani yake, mama mshonaji, humtazama kwa pembe ya jicho huku cherehani ikilia. Mpaka wa viwanja vyao ni mstari wa mawe aliyoyapaka chokaa bwana huyu mwenyewe. Bahari ikimtupia chupa au kandambili, yeye hainami ng'o. Mgongo wake huinamia wageni wenye pesa tu. Hunyoosha mguu, akakisukuma kitu kile kwa kidole gumba, polepole, hadi ng'ambo ya mawe. "Taka za bahari zina serikali yake," husema, kwa sauti ya mgeni rasmi. Rundo upande wa mshonaji limeshafika magotini.

Juzi bahari ilileta pipa la buluu, zima, na kifuniko chake, likatua kwa mshonaji, nyuma ya rundo lile. Bwana akatazama kushoto, akatazama kulia. Kumbe mgongo ule unapinda! Akabeba mawe moja moja, jasho likimchuruzika, mpaka mstari ukalipita pipa.

"Mama, mpaka ulikuwa umesogea," akasema akihema. "Hapa pote ni kwetu tangu enzi za marehemu baba."

Mshonaji aliyatazama mawe, akalitazama rundo ambalo sasa lilikuwa upande wa bwana, kisha akaingia nyumbani na kutoka na reki.

"Shika, baba. Na pipa la kuzolea umeshapata."