Chupa Iliyostawi

Katika maabara ile ya London hakuna aliyejua kulea seli kama Winifrida. Mwanamke huyu wa Kibosho aliingia Uingereza kusoma, akapiga deki ofisi za Hounslow miaka mitatu huku akimalizia shahada, na sasa ana miaka kumi na mmoja anazilisha seli, anazihamisha chupa, anazichungulia kwenye hadubini kila asubuhi na kuzisalimia kwa Kichaga. Wanaomcheka kwa salamu hizo hawajawahi kuwa na chupa nzuri kama zake.

Seli zenyewe ni za ajabu. Zilitokana na damu ya mtu mmoja aliyeugua saratani miaka mingi iliyopita. Mimi na wewe kila jeni tunazo nakala mbili, ya baba na ya mama. Ikiharibika moja, nyingine inamfichia mwenzake aibu. Seli hizi zina nakala moja tu. Ukibadilisha herufi moja ya jeni, hapana pa kujificha: herufi ikiwa mbovu seli inakufa, ikiwa haina neno inaishi. Ndiyo maana watafiti wanazipenda. Lakini zina tabia moja mbaya. Zikikaa chupani, baadhi yake hurudufu nakala na kuwa na mbilimbili kama seli za kawaida, na hizo hukua upesi hadi kuzisonga nyingine. Kwa hiyo kabla ya jaribio lolote, chupa lazima ipite kwenye mashine ya kuchambua, zilizorudufu zitupwe.

Mwaka huu maabara ilikuwa inapima jeni moja herufi kwa herufi, mabadiliko elfu mbili na ushee kwa mpigo. Mkuu wao, Dokta Vijay, aliona elfu mbili. Winifrida aliona moja tu, maana alikuwa nayo mwilini, na alimrithisha mwanawe.

Haika ana miaka saba. Alianza kuanguka ovyo akiwa na minne, na siku hizi hata vifungo vya sare ya shule vinamshinda. Hospitali walikuta kwamba nakala ya jeni hiyo aliyopewa na baba yake ni mbovu, hilo halina ubishi. Ile ya mama ina herufi moja ngeni, na barua ikasema maana yake haijulikani. Haijulikani! Winifrida aliisoma barua hiyo kwenye treni ya Victoria mpaka akapitiliza kituo chake cha Seven Sisters. Kuna dawa mpya ya majaribio, lakini wanapokelewa tu watoto ambao nakala zao zote mbili zimethibitika kuwa mbovu. Orodha ingefungwa Ijumaa ya mwisho ya Machi.

Basi mama mzima akawa anaomba seli zife. Kanisani Tottenham, wenzake wakiombea vibali na kazi, yeye alipiga magoti akaomba herufi aliyomrithisha mwanawe iwe ya kuua. Aliona haya kwa sala hiyo, lakini aliisali kila Jumapili. Kazini hakumwambia mtu, akihofia kuondolewa kwenye jaribio.

Siku ya kuanza ilipofika, mashine ya kuchambua ilikuwa imeshikwa na watu wa ghorofa ya juu kwa siku mbili. Winifrida alitazama kalenda, akahesabu siku zilizobaki kabla orodha haijafungwa. Akafungua kabati la joto lenye chupa zake nne. Moja ilikuwa imestawi kuliko zote, imejaa seli tele, akafurahi, akaichukua hiyo. Kwenye fomu, palipoulizwa kama chupa imechambuliwa, akatia tiki. Pale maabara hakuna aliyejua kuliko yeye kwa nini chupa hustawi namna ile, lakini siku hiyo aliitazama kwa macho ya mama.

Majibu yalitoka Jumatatu ya wiki ile ya mwisho.

“Winnie, njoo uone,” Vijay alimwita. “Hakuna kilichokufa. Hata mabadiliko tunayojua ni mabovu, yote yapo, yanadunda. Nikapima masalia ya chupa. Karibu seli zote zina nakala mbili.” Akasogeza fomu mezani. “Hapa umeandika ulichambua.”

“Sikuchambua.”

“Wewe, Winnie?”

“Nilikuwa na haraka.”

“Haraka ya nini?”

Jina la Haika hakulitaja; aliinamia fomu, machozi yakaidondokea ile tiki. Vijay si mtu mkali. Akamgusa bega.

“Tutaanza upya. Miezi miwili, mitatu hivi. Usilie bwana, hakuna aliyekufa.”

Nyumbani Tottenham mumewe Anselm, dereva wa basi, alikuwa anapiga pasi sare ya mtoto ya kesho.

“Mama Haika, majibu?”

Akamweleza yote, hata ile tiki. Anselm akazima pasi.

“Siku mbili?”

“Siku mbili, Baba Haika.”

“Tungezisubiri, mke wangu.”

Hakupandisha sauti. Winifrida alitamani apige kelele, atupe kitu, amwite majina, kwa sababu upole ule ulimchoma kuliko tusi lolote.

“Mummy, can you undo my buttons?” Haika aliita kutoka kwenye kochi. “My hands are tired.”

“Nakuja, mama.”

Akamfungua kifungo kimoja kimoja, huku mtoto akimsimulia habari za shule kwa Kiingereza, na yeye hasikii hata neno.

Ijumaa orodha ilifungwa. Jumatatu yake Winifrida alitoa kichupa kipya cha seli kwenye friza, akakiyeyusha, akazilea seli kwa wiki mbili bila salamu. Ilipofika zamu ya kuchambua, mashine ilikuwa imeshikwa tena na watu wa ghorofa ya juu. Akaandika jina lake kwenye foleni, akasubiri siku zote mbili, maana hakuwa tena na haraka yoyote.