Kadi Zisizotiwa Bahasha

Dada yangu anagonga mihuri kwenye dirisha la vifurushi posta, na wengi hawajui zaidi ya hapo. Mimi najua. Anakusanya kadi za wanawake wasanii, wale waliochoka kubembeleza majumba ya sanaa wakaamua kutumiana kazi zao kwa posta. Kila kadi imekatwa kwa mkono, ikachorwa, ikabandikwa vifungo au tiketi kuukuu. Bahasha hawataki. Kadi ikichafuka njiani, uchafu nao ni sanaa. Na ukipokea, sharti ujibu kwa kazi ya mkono wako.

Kadi hizo nilizionea wivu, sifichi. Dada hushinda Jumapili nzima akisifia kona ya kadi ya mwanamke asiyemjua. Mimi mdogo wake, fundi cherehani, nimemshonea sare miaka kumi na mmoja, na sijasikia zaidi ya "asante, weka hapo." Mgeni akiingia, albamu ya kadi hutolewa kabla ya maji ya kunywa.

Nikasema, dawa ya moto ni moto. Nikakata kadi kwenye boksi la uzi, nikatarizi mkono wa mwanamke ukigonga muhuri. Mteja wangu mmoja, nesi, akaniandikia anwani ya dada, asije akaujua mwandiko wangu, na kuniazima sanduku lake la posta kwa ajili ya jibu. Nilipanga dada akisifu tu, nimwambie ni mimi, aone aibu.

Jumapili akanidaka mlangoni. "Njoo uone! Kumbe hata hapa mjini yupo! Cheki huo mshono. Huyu kabarikiwa mikono."

"Wa kawaida tu," nikasema.

"Wewe nawe! Kumsifu mwenzio hakuui."

Nikaondoka bila kumwambia ni mimi. Nilikuwa namwonea wivu mwanamke ambaye ni mimi mwenyewe.

Wiki mbili baadaye nesi akaleta jibu kibandani kwangu. Dada, asiyeweza hata kurudishia kifungo, alikuwa ameshona lebo za vifurushi kwenye kadi, mishono imepinda huku na huku. Nyuma kaandika: "Nisamehe kwa mshono. Nina mdogo wangu fundi. Ningemwomba anifundishe, lakini naona haya. Tangu utotoni namwonea wivu."

Nesi akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana. Miaka yote hiyo nilidhani wivu ni wangu peke yangu. Nikachukua sindano mbili, nikafunga kibanda mchana kweupe, nikaenda kwa dada.